Watu waliohesabiwa kama mizigo

Maneno haya ni kwenu, ninyi familia mliohamishwa na vita, na ninyi wazee na wakuu wa vijiji mnaowapokea. Leo tuongee juu ya meli iliyozama mbali na hapa, karibu na mji wa Cape Town, Afrika Kusini. Sababu mtaiona.

Meli hiyo ya Wareno iliitwa São José. Tarehe 3 Desemba 1794 iliondoka Msumbiji ikielekea Brazili, na ndani yake watu zaidi ya 500 waliofanywa watumwa. Tarehe 27 ikagonga miamba, kama mita 100 tu kutoka pwani. Watu wapatao 212 wakafa maji. Na waliookoka, je, waliachiliwa? Hapana. Waliuzwa hukohuko Cape.

Katika miaka ya 1980 wawinda hazina walizamia pale, wakadhani ni meli ya Waholanzi. Wao walitafuta mali. Baadaye wataalamu wa mambo ya kale wa majumba ya makumbusho ya Iziko, pamoja na wenzao wa Marekani, walifungua karatasi za zamani. Huko Cape wakakuta maelezo ya kapiteni mwenyewe juu ya ajali ile. Huko Ureno wakakuta kwamba meli ilipakiwa vipande 1,400 vya chuma. Chuma cha nini? Mizigo ya kawaida ni mizito na hutulia. Watu ni wepesi, nao husogea. Chuma kiliikalisha meli sawa. Wazamiaji waliposhuka na mitungi ya hewa, walivikuta vipande vya chuma mchangani. Kwetu sisi tuliosoma sheria, hao ni mashahidi wawili wasiofahamiana, na ushuhuda wao ni mmoja.

Lakini majina ya wale waliokufa hatunayo. Wazee mnaoandika orodha za familia, nawaomba: msiandike hesabu ya vichwa tu. Andikeni jina, jina la baba, na kijiji alikotoka.

Mwaka 2015 chifu mmoja wa Wamakua, huko Mossuril, Msumbiji, alitoa chombo kilichopambwa kwa kauri, kimejaa udongo wa kwao, ili ndugu zake wapate kulala katika ardhi yao. Wazamiaji kutoka Msumbiji, Afrika Kusini na Marekani wakaupeleka, wakaumwaga majini, mahali meli ilipovunjikia.