Tanzania: Umeme wafika vijijini, kuni zabaki jikoni

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nchini Tanzania ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Jukumu lake ni kugharamia usambazaji wa umeme vijijini, Tanzania Bara. Ili kuwafikia wenye kipato kidogo, ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Umeme ukifika, mashine ya kusaga huachana na dizeli, fundi huchomelea milango papo hapo kijijini, na zahanati huhifadhi chanjo kwenye jokofu.

Hata hivyo, nguzo kupita kijijini si sawa na taa kuwaka nyumbani. Kaya hulazimika kugharamia nyaya za ndani ya nyumba, kisha kununua umeme kabla ya kuutumia, kwa mfumo wa LUKU.

Jikoni, kaya nyingi bado hutegemea kuni na mkaa, na mzigo huo huwaelemea zaidi wanawake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.