Dk. Kasale na Hesabu ya Vifo vya Rufiji



Safari hii tumemchagua mtu ambaye wengi wetu hatulijui jina lake: Dk. Harun Kasale wa Wizara ya Afya, mratibu wa mradi ulioitwa TEHIP. Ulianza katikati ya miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, kwa ushirikiano wa Wizara na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji.

Swali lao lilikuwa la kihasibu, na pengine ndiyo maana limetuvutia sisi tunaoshinda na vitabu vya fedha. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliandika kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza sana maradhi kwa dola 12 hivi kwa mtu kwa mwaka, iwapo fedha zingeelekezwa kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Sawa, lakini ni yapi? Vitabu vya hospitali havikuweza kujibu. Watu wetu wengi walifia nyumbani, na mtoto aliyechukuliwa na degedege hakuandikwa popote. Kwa hiyo kuanzia 1998 wahoji walipita nyumba kwa nyumba upande wa Ikwiriri, Kibiti na Bungu, penye watu wapatao 85,000. Kila miezi minne waliuliza: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Penye msiba waliketi na wafiwa wakauliza dalili za marehemu. Kazi hiyo haikuwa nyepesi.

Kwa wenzetu wa Morogoro, malaria ilikuwa ikila karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini bajeti ya afya ya 1996 iliipa asilimia 5 tu. Mhasibu yeyote angeguna. Kufikia 1998 fungu hilo lilikuwa asilimia 25.

Huku Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilikuwa 100 kwa kila 1,000 mwaka 1999. Mwaka 2000 vilikuwa 72. Nyongeza iliyotumika ilikuwa kama senti 80 za dola kwa mtu, ingawa zilitengwa dola 2. Waliopanga matumizi ni timu za afya za wilaya zenyewe. Tunalolisifu kwa Dk. Kasale na wenzake ni hilo: waliwapa timu hizo njia ya kuona fedha inakwenda wapi na ugonjwa uko wapi, kisha wakawaachia kalamu. Wananchi nao walijitolea nguvu zao kukarabati zahanati.

Mwaka 2014 mbunge wetu wa wakati huo, Dk. Seif Rashid, alipoteuliwa kuwa Waziri wa Afya, tulishangilia, na ilistahili. Mratibu hashangiliwi hivyo.

Mloka haikuwa ndani ya eneo la wahoji. Tuko mbali, juu ya mto, karibu na lango la Mtemere, na vifo vyetu havikuingia kwenye takwimu zile. Kwa sababu hiyo, mwaka huu kamati haijaleta orodha ya vifaa vya kuchangia. Imeomba kwanza muhtasari wa wagonjwa wa zahanati wa miezi 12, bila majina, na kila balozi aulizie misiba ya mtaani kwake. Hesabu hiyo itasomwa mkutanoni kabla bahasha hazijapita.