Kupogoa na Kukwanyua: Habari za Majeraha ya Miti

Lugha yetu hupambanua kupogoa na kukwanyua. Apogoaye hukata tawi kwa kiasi na kwa nia. Akwanyuaye hulivuta likachanika, likaacha nyuzi na ganda lililobanduka. Wa kwanza twamwita fundi, wa pili mharibifu. Lakini habari za watunza miti wa Uingereza zaonyesha ya kuwa hukumu hiyo haikutimia.

Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba jeraha la mti sharti lilainishwe na kufunikwa. William Forsyth, mtunza bustani wa Mfalme George wa Tatu, alitangaza mwaka 1791 dawa yake ya kupaka miti, yenye mavi ya ng'ombe, chokaa, majivu na mchanga. Bunge lilimtunza fedha, ingawa Thomas Andrew Knight alimpinga waziwazi. Desturi ya kukata tawi likawa sawasawa na shina, kisha kulipaka dawa, iliendelea hata katika karne ya 20.

Aliyeitikisa sana desturi hiyo ni Alex Shigo (1930–2006), mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani. Alipasua miti mingi kwa urefu kwa msumeno wa mashine, akaona ya kuwa mti hauponi kama mwili wetu uponavyo. Hauondoi sehemu iliyoharibika, bali huizingira kwa kuta ili uozo usienee, kisha huotesha mbao mpya kando yake. Mafundisho hayo aliyachapisha mwaka 1977. Tena alionyesha kwamba penye maungio ya tawi na shina pana uvimbe kama ukosi. Aukataye huo abomoa boma la mti, wala dawa ya kupaka haizuii kuoza.

Ndipo, usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, tufani ikaangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa Uingereza. Baadhi ya miti iliyovunjika na kuachwa ilichipua tena chini ya mavunjiko. Watunzaji wa miti ya kale, kama mialoni ya Windsor yenye umri wa karne nyingi, walikuwa na shida kubwa: tawi zito laweza kumwangukia mpita njia, na mti ukikatwa wote, hakuna mtu awezaye kuurudisha katika maisha yake. Basi wakajifunza kwa upepo. Hulipunguza tawi, na ncha yake huichonga meno meno kama taji. Ama hulikata nusu, kisha hulivuta kwa kamba lichanike lenyewe. Katika nyufa hizo maji hukaa, uyoga huota, mbawakawa na popo hupata makao. Na penye ganda lililo hai machipukizi huweza kutokea.

Lakini njia hii haifai kila mti. Ni ya miti mizee na matawi yaliyokufa au yatakayokufa. Mwembe mchanga wa uwanja wa shule na upogolewe kwa msumeno mkali, nje kidogo ya ule ukosi, pasipo kuchana ganda. Mwalimu awafundishapo watoto kazi hii, awaonyeshe kwanza ukosi kwa kidole, kisha ndipo awape msumeno. Na akiuona mti mzee wenye mvungu, asiseme upesi kwamba umekufa. Na atazame kwanza majani yake.