Ua wa Isale: Mpaka, Siri na Toba katika Uchagga

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kizuizi kizungukacho makao ya watu. Ua ni kizuizi chenyewe, tena ni uwanja uliomo ndani yake. Na mtu asemapo "uani" hufahamika kuwa ataja mahali pa siri ya nyumba, asipoingia mgeni bila kukaribishwa. Boma lilikuwa kizuizi cha miti au miiba cha kulinda watu na mifugo. Wadachi walipotawala, neno hilo likapata maana ya nyumba ya serikali. Basi neno la kwanza lasitiri, na la pili laonyesha nguvu.

Wachagga wa Kilimanjaro wana ua wenye maana ya tatu. Vihamba vyao vya migomba, na kahawa tangu mwisho wa karne ya 19, vimepakana sana. Kati yake hupandwa isale, mmea wa jamii ya Dracaena wenye majani marefu. Vipande vya shina hukatwa na kusimikwa karibu karibu wakati wa mvua, navyo hutoa mizizi. Shina likikatwa kichwa huchipuza matawi, na ua huzidi kuwa mzito. Jicho la mpita njia huzuiwa, lakini sauti ya jirani aombaye msaada hupenya.

Tena isale si pazia tu. Ni shahidi wa mpaka. Na jani lake ni neno la toba, ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea, na kulikataa ni jambo zito. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alitoa kitabu cha sheria za Wachagga mwaka 1926. Lakini sheria ya mpaka husomeka shambani pia, bila wino.

Siku hizi ardhi ni haba, warithi ni wengi, na kuta za saruji zaongezeka. Kwa hiyo mwalimu au kasisi aitwaye kupatanisha majirani na aulize kwanza masale yalipandwa wapi, na nani aliyeyapanda. Naye azungushiaye shule au kanisa asiyang'oe ovyo, asije akang'oa ushahidi wa watu. Ukuta nao husitiri vema. Bali hapana awezaye kuchuma jani lake akaombe radhi.