Barafu Iliyokwanguliwa kwa Kisu

Tarehe 15 Januari 1885, kijijini Jericho katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kijana wa miaka 19 alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini. Wilson Bentley alikuwa mtoto wa mkulima. Hadubini alipewa na mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu. Kamera alinunuliwa na baba yake, ambaye hakuona maana ya shughuli hiyo. Kabla ya hapo alijaribu kuchora kwa mkono, lakini chembe ziliyeyuka mchoro ukiwa bado nusu.

Alifanya kazi bandani, bila moto, maana joto dogo tu lingeharibu kila kitu. Aliikinga theluji kwa ubao mweusi, akachagua chembe iliyomvutia, akaihamishia kwenye kioo kwa kijiti na kuilaza sawasawa kwa unyoya. Hata pumzi aliibana.

Tatizo lilikuwa mwanga. Ulipitia nyuma ya chembe, hivyo picha ikatoka na kitu cheupe juu ya weupe, kingo zake zikififia. Bentley akanakili negativu, kisha akachukua kisu chenye ncha kali na kukwangua utando wa dawa kuizunguka chembe yote, tawi kwa tawi. Sehemu iliyokwanguliwa ilipochapishwa ikawa nyeusi tititi.

Kwa kisu hicho, usanii dhahania wa barafu ulipata umbo lake. Chembe haikuwa tena na anga wala ardhi, na hakuna kilichobaki cha kumwonyesha mtazamaji ukubwa wake. Zikabaki pembe sita, mistari na ulinganifu.

Si wote waliopendezwa. Gustav Hellmann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani aliyeshirikiana na mpiga picha Richard Neuhauss, alimlaumu Bentley kwa kuharibu kingo za chembe kwa kukwangua. Picha za Wajerumani hao zilionyesha theluji kama inavyoanguka kwa kawaida: mara nyingi imepinda, imevunjika au upande mmoja umezidi mwingine. Kwa upande wa sayansi Hellmann alikuwa na hoja nzito, kwani aliyechagua chembe nzuri tu hawezi kusema ameonyesha theluji yote. Lakini kuchagua na kuondoa ndiyo kazi ya msanii, na Bentley aliifanya kwa mapenzi makubwa hadi akakusanya picha zaidi ya 5,000.

Kuipenda theluji kwa umbo lake hakukuanzia Vermont. Mwaka 1832 Doi Toshitsura, mtawala wa Koga nchini Japani, alitoa kitabu chenye michoro 86 ya chembe za theluji alizozitazama kwa hadubini, na maumbo hayo yakaenea kama nakshi za kimono. Karne moja baadaye, mwaka 1936, Mjapani mwingine, Ukichiro Nakaya, aliyevutiwa na picha za Bentley, alitengeneza chembe ya theluji maabarani huko Hokkaido, ikiota juu ya unywele wa sungura.

Kitabu cha Bentley, alichokiandaa na William Humphreys, kilitoka mwaka 1931 kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Humo hamna theluji peke yake. Kuna umande, na kuna sakitu ya madirishani. Bentley alifariki kwa nimonia tarehe 23 Desemba mwaka huohuo.

Sakitu hiyo ilikuja kupata mpiga picha wake katika jiji la Rochester, jimbo la New York. Minor White, mwalimu na mhariri wa jarida la Aperture, aliishi katika nyumba ambayo vioo vyake viliganda wakati wa baridi. Unyevu wa ndani hugusa kioo baridi, ukaganda kwa kufuata mikwaruzo na vumbi, ndiyo maana sakitu ya dirisha huwa na mawimbi na majani yasiyo na ulinganifu. White hakukwangua chochote. Alisogeza kamera karibu mpaka fremu ya dirisha ikatoka pichani, na mwaka 1962 moja ya picha hizo akaiita Empty Head, yaani kichwa kitupu. Bentley alitaka mtazamaji aijue theluji. White alimwachia aone sura ya mtu ndani ya barafu.