TAA: samaki, mwanga na chama

Mvuvi wa Bagamoyo akitaja taa, huenda anamzungumzia samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Jioni akirudi nyumbani, taa ni chemli au koroboi. Katika Kiswahili cha zamani, taa ni utii pia, neno lenye asili ya Kiarabu.

Taa iliyobadili historia, hata hivyo, iliandikwa kwa herufi kubwa. African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Mwaka 1948 ikawa Tanganyika African Association, yaani TAA. Mwalimu Nyerere akachaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 ikageuzwa kuwa chama cha TANU.

Leo herufi TAA ni za Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania.