Kwa Miguu Kutoka Ellis: Njia ya Nicodemus

Njia ya kwenda Nicodemus huanzia Ellis, mji wa reli magharibi mwa Kansas, Marekani. Kutoka hapo ni kama kilomita 55 kuelekea kaskazini, katika nyika ambayo miti yake haioti ila kandokando ya mito. Kwa gari ni mwendo mfupi. Watu ninaowafuata walitembea.

Walitoka Kentucky, na wengi wao walikuwa wamezaliwa watumwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, lakini mashamba yalibaki mikononi mwa mabwana walewale. Mwaka 1877 W. R. Hill, Mzungu mfanyabiashara wa ardhi, na mchungaji Mweusi W. H. Smith waliunda kampuni na kutangaza mji wa watu Weusi wenyewe, Nicodemus. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 iwapo angekaa na kuzilima miaka 5. Septemba 1877 watu kama 300 walipanda garimoshi hadi Ellis, kisha wakashika njia.

Mwaka uliofuata likaja kundi la Willianna Hickman na mumewe, Mchungaji Daniel Hickman. Surua iliwakuta Ellis ikaua watoto. Kila ninapousoma mkasa huu nasita hapo: wazazi walizika kabla hawajaiona hata ekari moja. Waliosalia walisonga mbele siku mbili wakiongozwa na dira. Walipoambiwa wamefika, Willianna hakuona mji, aliona moshi ukifuka kutoka ardhini. Mbao hazikuwepo, kwa hiyo watu walichimba mashimo na kuishi humo. Alilia, na uzeeni alisimulia kilio hicho bila kukificha.

Majira ya baridi ya kwanza yangewamaliza waliotangulia kufika mwaka 1877. Waosage, kabila la Wenyeji wa Asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia chakula, na wazawa wa Nicodemus hawajausahau wema huo.

Baada ya miaka 10 palikuwa na makanisa, shule, maduka, magazeti mawili na hoteli ya Zachary Fletcher, aliyekuwa pia mkuu wa posta wa kwanza. Edward McCabe, mkazi wa hapo, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Kilichokosekana kilikuwa reli. Mkulima aliyepeleka ngano stesheni ya mbali kwa mkokoteni alipoteza siku na sehemu ya faida yake, na mwenye duka alilipia usafiri wa kila msumari na kila gunia. Ndiyo maana mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific.

Reli hiyo haikufika. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga yake ng'ambo ya Mto Solomon, upande wa kusini, na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji wa Bogue, kilomita chache tu kutoka Nicodemus. Wafanyabiashara wakahamia huko mmoja baada ya mwingine. Naliandika hili kwa uchungu: watu walioishinda baridi wakiwa mashimoni, wakajenga mji kwa mikono mitupu, waliangushwa na mstari uliochorwa na wengine. Wapo wanaolaumu ukame. Ukame ulikuja kweli, na miaka ya 1930 vumbi na mdororo wa uchumi viliwafukuza wengi, lakini viliukuta mji uliokwisha kunyang'anywa soko lake miaka 40 na zaidi kabla yake. Posta ilifungwa mwaka 1953.

Hata hivyo, kila mwishoni mwa Julai wazawa hurudi kutoka majimbo ya mbali. Sherehe hiyo ilianza kama ukumbusho wa kukombolewa kwa watumwa wa visiwa vya Karibi vya Uingereza, Agosti 1, 1834. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa, yakiwemo majengo matano ya zamani. Mojawapo ni ukumbi wa mji. Wazawa hukutanika humo hadi leo, na ulijengwa mwaka 1939, wakati hapakuwa tena na reli ya kusubiriwa.